Likizo ya Miguu: Kutoka Hamsini na Saba hadi Ziwa Nyasa

Mfanyakazi wa mjini anapopata likizo yake ya mwaka huwa na mipango miwili tu. Ama hupanda basi kwenda kijijini kuwaona wazee na kumaliza mashauri ya ukoo yaliyolimbikizana, ama hubaki nyumbani akiziba paa na kupaka ukuta chokaa. Ni wachache mno wanaofikiri kwamba siku hizo zaweza kutumika kwa kutembea kutoka kijiji hadi kijiji, mzigo mgongoni na fimbo mkononi. Kwa wengi wetu kutembea kwa miguu ni ishara ya kukosa nauli.

Hata hivyo wapo watu wenye nauli, tena nauli ya ndege, ambao kila mwaka huenda mpaka Nepal, katika milima ya Himalaya, kwa ajili ya kutembea tu. Hupanda siku baada ya siku, wakilala katika nyumba za wenyeji na kupumzika kwenye monasteri za Wabudha. Monasteri ya Tengboche, iliyo njiani kuelekea mlima Everest, imejengwa mahali palipoinuka mita 3,867 kutoka usawa wa bahari. Huko msafiri akikuta ukuta wa mawe yaliyochongwa maneno ya sala, desturi humtaka aupite huku ukuta ukiwa mkono wake wa kulia, na hata mgeni asiye wa dini hiyo hufuata. (Msomaji wa Dar es Salaam asidhani Wabudha ni watu wa mbali mno, hekalu lao lipo Upanga, lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka waliokuja kufanya kazi nchini mwanzoni mwa karne ya 20.)

Ndugu msomaji, nchi yetu inayo njia ya namna hiyo, na makala haya yanakusudia kukuonyesha jinsi ya kuipita. Iko katika Nyanda za Juu Kusini, baina ya Mbeya na ile Iringa ya zamani. Tunasema Iringa ya zamani kwa sababu Makete na Njombe zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Njombe. Monasteri za Kibudha huko hamna. Lakini milima hiyo ni nchi ya nyumba za sala kama ilivyo Himalaya, na mtembeaji ataziona kengele na minara yake kabla hajaviona vijiji vyenyewe.

NYUMBA ZA SALA JUU YA VILIMA

Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo wamisionari wa Kilutheri wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaingia katika nchi ya Wanyakyusa. Kabla ya karne ya 19 kumalizika Walutheri hao walikuwa wamekwisha kupanda mpaka kwa Wakinga, wakafungua vituo kama vile Bulongwa. Upande wa Iringa walikuja Wabenediktini, walioanzisha misheni ya Tosamaganga, ambayo tangu mwaka 1919 iliangukia mikononi mwa mapadre wa Consolata. Katika Njombe, Wabenediktini wa Peramiho walijenga Uwemba, na masista wa shirika hilo wana makao yao makuu Imiliwaha.

Mtu akijiuliza kwa nini nyumba hizo nyingi zimekaa juu ya vilima, jibu lake halihusu sala peke yake. Homa ya malaria ya bondeni na ya pwani ya ziwa iliwaua wageni wengi, nao waliobaki wakatafuta baridi. Walipanda mikaratusi, wakachoma matofali, wakajenga shule na zahanati. Hadi leo mtembeaji aliyechoka, akiona safu ya miti mirefu iliyonyooka kuliko inavyonyooka miti ya msituni, hujua kwamba kuna misheni, na penye misheni hakosi maji safi wala mtu wa kumwelekeza pa kulala.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inayo sura nzima, ya 53, inayoagiza kila mgeni apokewe kana kwamba ni Kristo mwenyewe aliyebisha hodi. Wakinga na Wabena hawakuhitaji kusoma sura hiyo ili kumpa mgeni kigoda. Lakini mgeni naye ana wajibu wake. Ukifika kwenye nyumba ya watawa, au hosteli ya kanisa, usiingie kama umeingia gesti ya stendi. Jitambulishe, uliza saa ya chakula, nyamaza wakati wa sala, na uache sadaka hata pale usipotozwa kitu. Na ukikutana na mtu njiani, mwamkie kwanza. Upande wa Njombe na Makete utasema “Kamwene”, ukishafika kwa Wanyakyusa utasema “Ugonile.” Maneno hayo mawili yatakufikisha mbali kuliko ramani.

KUPANDA

Safari yenyewe huchukua siku nne au tano, na tunashauri ianzie Chimala, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, kilometa zipatazo 80 mashariki ya Mbeya. Hapo, nyuma ya mji, ukingo wa bonde la Usangu umesimama kama ukuta. Barabara inayoupanda kwenda Matamba ina kona 57, ndiyo sababu watu huiita Hamsini na Saba, bila jina jingine. Magari hupanda, na mwenye watoto au mwenye goti bovu apande gari bila aibu. Anayepanda kwa miguu aanze alfajiri kabla jua halijaupiga ukingo huo, na ahesabu kona. Kuhesabu husaidia sana, ingawa karibu na ya arobaini wengi hupotewa na hesabu.

Pumzika na utazame nyuma. Chini yako ni mashamba ya mpunga ya Mbarali na tambarare ya Usangu, na vijito unavyovivuka ndivyo vinavyoteremka huko na kuulisha mto Ruaha Mkuu. Mto huo hujaza bwawa la Mtera, kisha bwawa la Kidatu, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na baadaye huungana na Rufiji. Kwa hiyo maji unayoyanywa kwa kiganja hapo juu yana safari ndefu kuliko yako, na sehemu yake itakufikia nyumbani katika waya wa taa.

Matamba ni nchi ya Wawanji, watu wa viazi mviringo, ngano na pareto. Lala hapo usiku wa kwanza. Hapo pia ndipo ilipo ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nawe huna budi kulipa kiingilio na kuomba mtu wa kukuongoza. Raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, na kwa familia nyingi nauli ya basi kutoka mjini ndiyo itakayouma zaidi.

BUSTANI YA MUNGU

Siku ya pili ndiyo kiini cha safari. Kitulo ni uwanda wa nyasi ulioinuka mita zipatazo 2,600, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Jina hilo halikutungwa na watu wa utalii. Mvua zinapokolea, kuanzia Novemba hadi Aprili, uwanda mzima huchanua: okidi za rangi ya waridi, nyeupe na ya machungwa, mashada mekundu yanayosimama kama mienge, lobelia ndefu kumshinda mtu. Wataalamu wamehesabu aina za mimea zipatazo 350, na kati ya hizo okidi za ardhini peke yake ni aina 45. Eneo la kilometa za mraba zipatazo 413 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea na si kwa ajili ya wanyama. Msomaji aliyezoea kudhani kwamba hifadhi ni simba na tembo atafadhaika kidogo asubuhi ya kwanza, kisha atazoea kuinama.

Hapo zamani ramani za wakoloni ziliuita uwanda huu Elton, kwa jina la James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita mwaka 1877 na kufariki Ugogo kabla mwaka huo haujaisha. Jina la Kitulo limelishinda jina lake, na hilo ni sawa kabisa.

Mashariki ya uwanda kuna kilele cha Mtorwi, ambacho ramani hukipa mita 2,961. Mlima Rungwe, unaouona upande wa magharibi ukiwa umejitenga kwa fahari ya volkano, hupewa mita 2,960. Mita moja tu! Bishano la Mtorwi na Rungwe linafaa sana kwa jioni ya baridi, kwani baridi ipo. Mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya nyasi ukawa mweupe kama chumvi, na maji ya ndoo iliyoachwa nje hufanya utando wa barafu. Chukua sweta mbili, kofia ya sufu na koti la mvua. Katika bonde la Numbe kuna msitu wa mitarakwa ambao harufu yake hukaa nguoni siku mbili. Kule chini ya miti baridi hupungua, na ni mahali pazuri pa kula chakula cha mchana.

Ukimwona ndege mkubwa mwenye shingo ndefu akitembea taratibu nyasini kama hakimu, huyo ni tandawala. Mbayuwayu wa rangi ya buluu naye huja kuzaliana hapa. Lakini mnyama aliyeipa milima hii sifa duniani hakai uwandani. Yumo katika misitu ya Livingstone inayopakana na uwanda na katika msitu wa mlima Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na kumwita kipunji. Wataalamu walisikia habari zake kwa wenyeji, wakamwona mwaka 2003, na mwaka 2005 wakautangazia ulimwengu kwamba ni nyani mpya. Mwaka uliofuata ikadhihirika kwamba ni jamii mpya kabisa, ya kwanza kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Jambo la ajabu ni kwamba kundi jingine lilionekana wakati ule ule katika msitu wa Ndundulu, Iringa, mbali sana na Rungwe, na mpaka leo hajaonekana popote pengine duniani. Usijipe matumaini makubwa ya kumwona. Sauti yake, mlio mzito ulio baina ya kubweka na honi ya gari bovu, huenda ukaisikia.

Sasa tuseme jambo ambalo vijitabu vya utalii hulipita haraka. Ukiinama kutazama okidi utaona hapa na pale vishimo vidogo, kama vilivyochimbwa na kuku. Si kuku. Kila okidi ina viazi vidogo ardhini, na viazi hivyo vikikaushwa, vikatwangwa na kupikwa kwa unga wa karanga na magadi, hutoa chakula kigumu kinachokatwa kama mkate na kupendwa sana Zambia, ambako hukiita chikanda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikichimbwa kila mwaka katika nyanda hizi na kuvushwa mpaka. Mchimbaji anapotoa kiazi, ua la mwakani huondoka nacho.

Ni rahisi kwa mtu wa mjini kumlaumu mchimbaji. Lakini mchimbaji ni mama au kijana anayehitaji daftari, sabuni na chumvi, na mnunuzi wa viazi vya okidi humfikia nyumbani kwake, wakati mnunuzi wa viazi mviringo hungoja barabara ikauke. Hapo ndipo mtembeaji ana uzito asioujua. Usiku mmoja unaolala kijijini, sahani ya chakula, ujira wa kiongozi wa njia, ni fedha iliyopatikana kwa ua lililo hai. Watembeaji watatu kwa mwezi hawataziba vishimo hivyo. Watembeaji mia tatu wangeanza kubadilisha hesabu ya mama yule.

KWA WAKINGA

Siku ya tatu ni ya kushuka na kupanda baina ya mabonde, kuelekea Bulongwa. Njia hupita katikati ya mashamba ya viazi na mianzi. Mianzi hiyo hukatwa ncha wakati wa mvua, utomvu wake ukakingwa katika vipande vya mwanzi viitwavyo mbeta, na kinachopatikana ni ulanzi. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na mpole. Wa jioni si mpole, na mwenye kushuka mlima kesho yake na ajihadhari.

Wakinga unawajua tayari, hata kama hujafika kwao. Wengi wa wenye maduka ya jumla Mbeya, Makambako na Kariakoo ni watoto wa milima hii. Zamani walifua chuma, wakateremka na majembe kuyabadilisha kwa vitu vya ziwani. Baadaye walitembea kwenda kutafuta kazi za mashambani na mijini. Mlima umetoa watu kwa muda mrefu, na haukurudishiwa wote. Makete ilipigwa vibaya na UKIMWI mapema kuliko wilaya nyingi, ukaacha nyumba ambamo bibi alilea wajukuu peke yake. Utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima katika Mkoa wa Njombe wakiishi na virusi, kiwango kilichoizidi mikoa mingine yote. Tiba ipo siku hizi, na watoto wale waliolelewa na bibi zao ni watu wazima wenye mashamba. Lakini ukiona makaburi yaliyopangwa karibu karibu nyuma ya nyumba, usipige picha. Vua kofia upite.

Anayetoka Dar es Salaam kwa njia ya Iringa, au asiyetaka kupanda Hamsini na Saba, anaweza kuanzia upande huu: gari kutoka Njombe humfikisha Makete, kisha Bulongwa, akaungana na wenzake hapo. Hata familia yaweza kugawanyika hivyo. Wenye nguvu wapite Kitulo, wazee na watoto waje kwa gari.

KUTEREMKA ZIWANI

Siku ya nne huanza gizani. Kutoka Bulongwa hadi Matema ni siku nzima ya kutembea, na karibu yote ni kuteremka. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita zipatazo 470. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 2,000 utailipia kwa magoti. Usiende bila mwenyeji, kwa maana njia hugawanyika mara nyingi na si kila tawi lina mwisho mzuri. Fimbo hapa si pambo.

Njia hii wamepita watu kwa vizazi vingi, na bado wanapita. Utapishana na wanawake wakipanda na mizigo kichwani, nao hawatahema kama wewe. Watakusalimu na kukuuliza unapeleka nini. Ukijibu kwamba hupeleki kitu, unatembea tu, watatazamana. Swali lao ni la haki, wala usilikasirikie. Mtu anayepanda kwa sababu gari halifiki hana sababu ya kuuona mlima kama burudani, na heri mtembeaji aliyekubali kulisikia swali hilo walau mara moja.

Mahali fulani mchana, miti ikiachana, ziwa hutokea chini ghafla. Kwanza utadhani ni anga. Kisha utaona mitumbwi. Joto hupanda kukulaki, sweta huvuliwa moja baada ya nyingine, na mikaratusi ya juu huacha nafasi kwa migomba, miembe na kakao. Matema kuna misheni nyingine ya Kilutheri, hospitali, nyumba za wageni na mchanga wa kuoshea miguu. Pumzika siku nzima. Kumbuka kutumia chandarua, kwa kuwa mbu waliowakimbiza wamisionari mpaka vilimani hawajahama.

Panga hesabu ya siku zako ili uwe Matema Jumamosi. Asubuhi hiyo, kijiji cha jirani cha Lyulilo huwa na soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na maji, hufinyanga kwa mikono pasipo gurudumu, wakapaka udongo mwekundu na mweupe, wakachoma, kisha vyungu hupakiwa katika mitumbwi na kuletwa sokoni. Hapo hununuliwa kwa wingi na kusafirishwa Kyela, Tukuyu na Mbeya, na vingine hupanda mlima ule ule ulioteremka wewe.

Ukitaka kununua, kigonge chungu kwa kifundo cha kidole: kilichoiva hulia, chenye ufa hukohoa. Usipunguze bei kupita kiasi. Gari la kwenda Kyela hupitia Ipinda, nawe usikiweke chungu chako kwenye buti pamoja na magunia. Kipakate.